Wimbo Uliokatwa Kabla ya Upinde

Ti-ri-ri, ti-ri-ri, ti… kwap!

Sauti ilitoka kwenye spika ya kituo, ikapenya pazia la kibanda cha tambi, ikakatwa kama uzi. Baada yake ukaja mlio wa milango kujifunga, kisha kimya kirefu, kisha magurudumu ya treni yakaanza kusaga reli taratibu kuelekea mjini. Ndani ya kibanda, Tomonari alikuwa bado ameinua upawa juu ya sufuria, mdomo wazi, akisubiri noti ambayo haikuja.

"Kondakta kaukata tena," alisema.

"Nimesikia," shangazi yake Fumie akamjibu bila kugeuka. Kibanda kilikuwa chake, kimekaa kwenye ncha ya mbele ya jukwaa la kituo cha Kurehama, na yeye ndiye aliyekuwa akikata vitunguu vya majani. "Mchuzi wako unamwagikia kiatu."

Tomonari akatazama kiatu, akatazama spika, akatukana spika.

Wimbo ule ulikuwa wake. Kurehama ni mji wa pwani ambako kuanzia mwezi wa kumi na moja mvua na jua hugombana mchana kutwa, na upinde wa mvua hutokea mara nyingi hivi kwamba watu hawaachi tena kuanua nguo ili wautazame. Halmashauri ya mji ikaona kwamba kengele mbovu ya kuondokea treni haifai mji wa sifa kama hiyo. Ikatangaza shindano: uletwe wimbo wa upinde, uchezwe kituoni kwa mwezi mmoja wa majaribio, watu wakiupenda ubaki. Nyimbo tatu zililetwa. Mbili zilikuwa za Tomonari. Ya tatu ilikuwa ya daktari wa meno, aliyeulinganisha upinde na ufizi wenye afya.

Kwa hiyo Tomonari alishinda, na hakuona ajabu. Hakuwa amesomea muziki popote. Alijifundisha mwenyewe kwa kinanda kidogo cha betri, katika chumba cha juu ya kibanda, na aliamini kwamba nchi nzima imejaa nyimbo za upinde zilizoandikwa na watu wavivu. Ukimgusa hapo tu, umemwasha.

"Zote ni wimbo mmoja!" alikuwa akiwaambia wateja waliokuja kula haraka kabla ya treni. "Mvua inanyesha. Msichana analia. Kijana ana mwavuli. Mvua inakatika, upinde unatoka, halafu wote kwa pamoja: keeesho! Kesho, kesho! Kesho kuna nini?"

"Kesho Alhamisi," mteja mmoja alimjibu. "Ongeza tangawizi."

Wa kwake ulikuwa tofauti. Ulianza na mvua, noti fupi fupi zinazodondoka, kisha mwishoni zikaja noti saba zinazopanda, moja kwa kila rangi, polepole, kama mtu anayenyoosha mgongo. Na maneno ya noti hizo saba, ambayo spika haikuyasema kwa kuwa ilipiga muziki mtupu, hayakuwa na kesho. Yalisema kwamba mvua imeondoka, imesahau kamba yake ya nguo angani.

Shida ni kwamba hakuna aliyewahi kuzisikia noti hizo saba. Swichi ya wimbo ilikuwa kwenye nguzo ya nyuma ya jukwaa, na mwenye swichi alikuwa kondakta Kajitani.

Mzee Kajitani alikuwa mtu wa glovu nyeupe na saa ya mfukoni. Alinyooshea kidole kila kitu na kukitaja kwa sauti, kama kazi yake ilivyomtaka: "Milango, sawa! Ishara, kijani!" Binti yake Sawako alisema kwamba hata nyumbani, kabla ya kulala, hulinyooshea kidole birika na kutangaza, "Gesi, imezimwa!" Kila treni ilipofika alishuka, akabonyeza swichi, wimbo ukaanza. Mara tu alipoona jukwaa halina mtu, akaukata, akafunga milango. Kisha alisimama dirishani mwa behewa la nyuma, kichwa nje, akitazama saa yake mpaka sekunde ya kuondoka ifike. Muda ulikuwapo. Nusu dakika nzima, treni imesimama tu, milango imefungwa, kimya. Ndicho kilichomchoma Tomonari.

Matokeo yake, mji mzima ulijua noti za mvua peke yake. Watoto wa chekechea alikofundisha Sawako waliziimba wakivaa mabuti. Watu walianza kuandika malalamiko: kila asubuhi mvua, mvua, mvua, kwani hatuioni?

Na jambo hili lingekuwa la muziki tu kama Tomonari asingekuwa anataka kumwoa Sawako.

Alikuwa amemfikia mzee mwanzoni mwa mwezi ule, pale pale kibandani, Kajitani aliposimama kula bakuli lake kati ya treni mbili. Tomonari akamwekea yai juu.

"Sikuagiza yai," Kajitani akasema.

"Zawadi, mzee."

"Rushwa siyo kitu cha kuliwa kwa vijiti. Toa."

Tomonari akatoa yai, akainama mpaka paji la uso likagusa kaunta, akasema alichokuja kusema. Fumie aliacha kukata vitunguu. Kajitani akameza tambi zake, akafuta mdomo, akatazama saa.

"Wewe ndiye wa ule wimbo usioisha."

"Unaisha, mzee! Wewe ndiye unayeukata!"

"Mimi nakata kilichozidi. Mwanamume anayemaliza shughuli zake kwa wakati, namjua. Anayepiga kelele kwamba dunia haimsubiri, naye namjua, nimemwona jukwaani mara nyingi, anakimbia nyuma ya treni na tai mdomoni." Akavaa glovu. "Haya. Siku wimbo wako ukifika mwisho hapa kituoni, na treni yangu ikaondoka kwa wakati wake bila kuchelewa hata sekunde, njoo nyumbani na suti. Majaribio yakiisha kabla ya hapo, basi nawe umeisha. Vijiti, vimewekwa! Bakuli, tupu!" Akaenda zake.

Jioni Tomonari alimsimulia Sawako, akitembea huku na huku mbele ya mashine ya vinywaji. Sawako akacheka mpaka akashika ukuta.

"Baba kakupa mtihani usio na jibu. Ufupishe tu wimbo."

"Nifupishe?"

"Toa mvua kidogo. Anza na upinde."

"Upinde bila mvua! Sawako, mtu akishindwa kupita mlangoni utamwambia akate pua?"

"Nitamwambia ageuke ubavu." Akamtazama, kicheko kikapungua. "Tomo, mimi nakutaka wewe na pua yako. Lakini baba habadiliki. Nikiwa mtoto niliwahi kumsihi aizuie treni kidogo kwa ajili ya rafiki yangu aliyekuwa anakimbia kuiwahi. Aliondoka. Rafiki yangu hakunisemesha mwaka mzima. Sitaki kusimama jukwaani mara ya pili."

Tomonari akakasirika, kama desturi yake, na kuapa kwamba wimbo hautapungua hata noti moja.

Kwanza alijaribu bahati. Siku moja ngiri mkubwa aliketi juu ya reli upande wa pili wa mlima akakataa kuondoka, na kwa kuwa njia ni moja, treni ya Kajitani ikabidi isubiri Kurehama mpaka nyingine ipite. Abiria walikaa wakitazamana. Tomonari akatoka kibandani mbio, aproni ikipepea.

"Mzee! Watu wamekaa bure. Wape wimbo!"

"Huu ni wimbo wa kuondokea," Kajitani akasema. "Hatuondoki."

"Wasikie tu!"

"Nikiupiga, mtu atadhani tunaondoka, atakimbia kwenye ngazi, atateguka mguu. Mguu huo utaulipa kwa tambi?"

Ngiri alipojiondokea, treni ilikuwa imechelewa dakika nne, na Kajitani, aliyekuwa mwekundu kwa aibu kama aliyeketi relini ni yeye, aliupa wimbo noti mbili tu. Kabla ya hapo alipita akigawa hati za ucheleweshwaji, zile karatasi ndogo za kumwonyesha bosi kwamba kosa si lako. Tomonari naye akanyoosha mkono.

"Wewe hukupanda," Kajitani akasema. "Umecheleweshwa nini?"

"Ndoa."

Kajitani akachana karatasi moja, akampa.

Zikabaki siku chache majaribio yaishe. Hapo ndipo Shangazi Fumie, aliyechoka kuona mchuzi ukiungua, alipotoa fikra.

"Anakata wimbo jukwaa likiwa tupu, sivyo? Basi lisiwe tupu. Tafuta watu wa kupanda polepole."

"Nani Kurehama anapanda polepole?"

"Wazee."

Wazee walikuwa wanapatikana. Kila Jumanne mchana walijaa kwenye ukumbi wa karaoke nyuma ya posta, klabu ya watu sita chini ya Bibi Otowa, mwanamke wa miaka themanini na moja aliyekuwa na saluni hapo zamani na ambaye bado aliwatazama watu vichwani kwanza. Tomonari alipoingia, Mzee Hidaka alikuwa ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili, macho amefumba, akiimba wimbo wa upinde wenye msichana, mwavuli na kesho zisizopungua nane.

"Mmesikia upuuzi huo?" Tomonari akasema kabla hata hajasalimu.

"Upuuzi umepata alama tisini na mbili," Bibi Otowa akamjibu, akionyesha mashine. "Wewe hapa mwaka jana ulipata ngapi? Thelathini na moja. Mashine ikakuandikia ujaribu tena ukishapona."

Wazee walicheka mpaka Hidaka akapoteza mstari. Ilikuwa kweli. Mungu alimpa Tomonari kichwa cha nyimbo akamnyima koo. Sauti yake ilikuwa kama bati linaloburutwa juu ya sakafu ya saruji. Tangu siku ile aliapa hataimba tena mbele ya mtu. Hata sasa, alipotaka kuwaeleza wazee kile walichokuwa wakienda kukipigania, alitoa kinanda chake cha betri mfukoni akawapigia, na maneno akayasema kwa mdomo tu, haraka, kama anayesoma maelekezo ya dawa.

"Kamba ya nguo?" Bibi Otowa akauliza. "Nani atalilia kamba ya nguo?"

"Asilie mtu! Ndiyo maana yake!"

"Mh." Akawaza. "Piga tena hapo mwisho." Akapiga tena. Bibi akazifuata noti saba kwa kuguna, mara mbili, mara tatu. "Haidhuru. Tutakusaidia, mjukuu wangu. Si kwa sababu ya kamba. Kwa sababu ya Sawako, nilimkata nywele za kwanza."

Wakapanga kama majenerali. Treni ya asubuhi, siku ya mwisho ya majaribio. Bibi Otowa angeangusha mwavuli. Mzee Hidaka angeuliza kama treni hii inakwenda mjini, ingawa haina kwingine pa kwenda. Wawili wangepishana mlangoni, tangulia wewe, hapana tangulia wewe. Nusu dakika, basi. Muda upo, treni haichelewi, wimbo unafika mwisho.

Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu. Sawako alikuja jukwaani kabla ya kwenda kazini, akasimama karibu na kibanda, mikono ndani ya mikono ya koti. Wazee walijipanga, fimbo na miavuli tayari, nyuso nzito. Treni ikaingia, mabehewa mawili. Kule nyuma kabisa Kajitani akashuka, akainyooshea kidole saa, akainyooshea kidole ishara, akabonyeza swichi.

Ti-ri-ri, ti-ri-ri, ti…

Na wazee wakakimbia.

Hakuna aliyewaambia wakimbie. Miguu yao ilikuwa imeisikiliza kengele ya kuondokea kwa miaka sitini, na miguu haikushauriana na mtu. Bibi Otowa aliruka dimbwi. Mzee Hidaka, ambaye hupanda ngazi za nyumbani kwake kwa kupumzika mara mbili, aliingia behewani ubavu ubavu kama kijana anayekwenda mtihani, akiwa amesahau fimbo yake imesimama peke yake jukwaani. Wote sita walikuwa ndani kufumba na kufumbua, wakiinamisha vichwa huku na huku kuomba radhi kwa kuchelewesha treni ambayo hawakuichelewesha.

Kwap! Wimbo ukakatwa. Milango ikafungwa. "Jukwaa, tupu! Milango, sawa!" Kajitani akapanda, akatoa kichwa dirishani, akakazia macho saa yake.

Dirisha la behewa la mbele likafunguka kwa kishindo, kichwa cha Bibi Otowa kikatoka.

"Samahani, mjukuu! Imekwenda yenyewe, miguu!"

Tomonari hakumsikia. Alimtazama Sawako, na Sawako alikuwa ametazama chini, kama mtu aliyesimama jukwaani mara ya pili. Nusu dakika ilikuwa pale, imesimama, tupu, ikipita.

Akatoka kibandani na upawa mkononi. Akaenda mpaka mstari wa njano ulio ukingoni mwa jukwaa. Kama angeuvuka, Kajitani angelazimika kusimamisha treni, treni ingechelewa, na mambo yangeishia hapo. Akapanga vidole vya miguu nyuma ya mstari ule, akavuta pumzi, akaushika wimbo pale ulipoanguka, akaimba.

Mungu wangu. Njiwa waliondoka kwenye paa. Fumie aliziba mchuzi kwa kifuniko. Abiria aliyekuwa amelala behewa la mbele aliamka akashika mkoba wake. Tomonari aliimba mvua, uso umemwiva, mishipa imemtoka shingoni, akimtazama Kajitani kule mbali nyuma, na Kajitani hakuweza kuingiza kichwa ndani, kwa kuwa kanuni humtaka kondakta aangalie jukwaa mpaka treni itoke yote kituoni.

Sekunde ikafika. Treni ikaanza kwenda.

Ikawa kila noti aliyoimba Tomonari inamleta Kajitani karibu zaidi. Mvua ikaisha, akaanza kupanda noti saba. Ya kwanza akaipata. Ya pili akaiparamia. Ya tatu na ya nne zilitoka kama zinang'olewa. Kwenye ya tano sauti ikakatika kabisa, ikatoka hewa tupu. Vidole vya mguu wake wa kulia viligusa rangi ya njano.

Hapo ndipo dirishani mwa behewa la mbele, lililokuwa tayari linapita, Bibi Otowa akaidaka ya sita, nyembamba na safi, na kikundi kizima nyuma yake kikaidaka, kila mmoja kwa sauti yake. Isipokuwa Mzee Hidaka, ambaye kwa msisimko alikosea wimbo, akapaza sauti kuliko wote, "Keeesho!"

Lakini ya saba aliiimba Tomonari. Mbaya, ndefu, imejaa, akayasema maneno ya kamba iliyosahauliwa angani mpaka silabi ya mwisho, wakati dirisha la nyuma linampita kwa karibu hivi kwamba aliona tone la mvua kwenye ukingo wa kofia ya mzee. Treni ikaenda.

"Imeondoka kwa wakati?" Sawako akauliza kwa sauti ndogo.

"Sijui," Tomonari akasema, na hakika hakujua. Sawako akauchukua upawa, akausimamia mchuzi yeye, na chekechea wakamsubiri siku hiyo.

Treni ilirudi baada ya saa mbili hivi. Wazee wakashuka, safari hii polepole sana, wakiwa wamekwenda mjini na kurudi bila shughuli yoyote, na hakuna aliyekwenda nyumbani. Kajitani akaja mpaka kibandani. Akasimama kwenye kaunta. Fumie akamwekea bakuli bila kuulizwa.

Akala. Watu tisa wakamtazama akila.

"Sauti yako ni mbaya," akasema hatimaye.

"Ndiyo, mzee."

"Nimefanya kazi na breki za zamani. Sauti yako ni mbaya kuliko zile."

"Ndiyo."

"Kuanzia Jumatatu kengele inarudi. Uamuzi wa halmashauri umeshafika, malalamiko yamezidi."

Moto ukampanda Tomonari mpaka masikioni, ulimi ukawa tayari kabisa. Sawako akamkanyaga mguu chini ya kaunta. Akaumeza moto ule wote, na haukuwa mdogo.

"Sawa, mzee."

Kajitani akaweka vijiti. "Ulitaka kuvuka mstari."

"Nilitaka."

"Niliviona vidole. Nilikuwa nimeshashika kamba ya breki." Akatazama anga juu ya paa la kituo, ambako manyunyu yalikuwa bado yanashuka na hakukuwa na upinde wala dalili yake. "Hukuvuka. Na treni iliondoka kwa wakati wake. Na wimbo uliisha. Sikusema lazima uishie kwenye spika. Ni kosa langu, ningesema. Jumapili, saa nne. Suti."

Sawako akamshika baba yake mkono wa glovu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona jukwaani. Bibi Otowa alianza kulia, huku akisema halii. Mzee Hidaka aliuliza ni nani anayeoa.

"Ila kuna sharti," Kajitani akasema, akinyanyua kidole kile kile cha kunyooshea ishara, na akamwelekezea Tomonari kifuani. "Harusini watakuwepo ndugu zangu wote. Wengine wana moyo dhaifu. Niahidi, kwa sauti, watu hawa wasikie."

Tomonari akatazama wazee sita, shangazi yake, msichana wake. Akajua ni nini anachotakiwa kusema, na kwamba hakuna mtunzi katika nchi nzima aliyewahi kuombwa jambo la kikatili kiasi kile. Akaweka mikono ubavuni, akainama chini kabisa.

"Naahidi, mzee," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka nguzo ya swichi. "Wimbo wa harusi nitautunga mimi, mvua yote na upinde wote, na hautapungua kitu. Lakini siku hiyo mimi sitaimba hata noti moja."